Ngalakh Kwenye Sahani

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Padre kanipaka majivu saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu Shefu Kane kaniambia niyafute.

"Filomene, leo ni siku ya wapendanao. Wageni wanakuja kula mioyo ya chokoleti, wewe unawakumbusha mavumbi."

"Hiyo mioyo nayo itakuwa mavumbi," nikamjibu. "Sifuti."

Jikoni wakaangua kicheko. Angekuwa bosi mwingine ningeshafukuzwa zamani, lakini yeye ni Kane, Mtukulori, na mimi ni Ngom, Mserer, na watu wetu ni watani tangu enzi za mababu. Namwita mtumwa wangu mbele ya wahudumu, naye ananiita mla wali wa watu. Utani umenilinda miaka tisa katika mgahawa huu wa Almadies.

Nimetengeneza mioyo sitini na miwili bila kulamba hata kidole, maana nimefunga. Kazi ilipokwisha akaniita ofisini. Ijumaa Kuu kutakuwa na meza ya watu arobaini. Kuna kampuni inajenga hoteli mpya ufukweni, nao wanatafuta mpishi anayeweza kuchukua mapishi ya mama zetu akayaweka kwenye sahani za kifahari. Kitamutamu cha siku hiyo ni ngalakh, uwele na ubuyu ambao sisi Wakristo huwapikia majirani kila Ijumaa Kuu.

"Wewe ndiye Mkristo pekee jikoni," akasema. "Ukinitolea sahani ya kuinyamazisha ile meza, ukuu wa vitamutamu ni wako. Ukishindwa, baada ya Pasaka anakuja kijana kutoka Lyon."

Tangu mkuu wetu wa vitamutamu alipohamia Abidjan, kazi yake naifanya mimi, ila cheo hakuna. Nikamwambia amwambie kijana wa Lyon asikate tiketi.

16 Februari

Habari imeenea. Mbaye, mpishi wa samaki, kaja na ndoo mkononi. "Filo, hii ndiyo sahani yenyewe? Au kila mgeni tumpe na upawa?"

Nikamwambia, krimu karameli ya Mfaransa ni mayai na maziwa tu, lakini kwa kuwa imesimama katikati ya sahani nyeupe, unaibeba kama unabeba sakramenti. Ngalakh ina uwele, ina karanga, ina ubuyu, ina zabibu, ina kungumanga, ina usiku mzima wa mikono ya mama yako na jirani yake. Kwa nini yenyewe ndiyo iishi kwenye ndoo ya plastiki? Mbaye akarudi kwa samaki wake.

Jumapili, 18 Februari

Nimemwambia Mama. Alikuwa kibarazani nyumbani, mtaani Grand Yoff, anamenya karanga, Hajati Kumba wa nyumba ya pili akiwa naye. Nilidhani atapiga vigelegele.

"Utaiuza?" akauliza.

"Mgahawa ndio utauza, Mama. Mimi nitaitengeneza."

"Ngalakh ya Ijumaa Kuu?" Akaweka karanga chini. "Tangu lini Ijumaa Kuu ina bei?"

Nikamweleza kuhusu cheo, hoteli, sahani. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mtu wa bima. Kisha akasema baba yangu alipokufa Jumatano ya wiki kuu, alipika ngalakh Ijumaa akapeleka nyumba kumi na nne, na hakuna hata nyumba moja iliyomuuliza faranga ngapi.

Hajati Kumba akajaribu kupoza. "Agathe, mwache mtoto. Tufikirie jambo la maana. Ramadhani mwaka huu inaingia ndani ya Kwaresima yenu. Sukari nani ataonja?"

Miaka thelathini na moja, kila Ijumaa Kuu, Mama akiwa amefunga, humwita Hajati ng'ambo ya ukuta aje aonje sukari. Hajati huja na kijiko chake mfukoni. Mwaka huu wote wawili midomo imefungwa.

20 Februari

Mama hasemi nami. Amenitengea chakula, akaondoka.

24 Februari

Bado.

27 Februari

Shefu ameiona ngalakh yangu ya kwanza ya sahani, akatikisa kichwa. "Inaonekana ya nyumbani mno." Si ndiyo maana yake, baba? Akachukua chujio, akachuja uwele wote, akabaki na maji. Ubuyu akaupiga ukawa povu. Karanga akazifanya unga, akazipuliza juu ya sahani nyeusi. Jumla vijiko vitatu.

Nilionja. Dawa ya kikohozi.

"Mtumwa wangu," nikamwambia, "ukimchuja Mserer hivi hutabaki na mtu."

Akacheka, lakini lile povu hakulimwaga.

3 Machi

Nimejaribu mara sita. Namba tatu ilikuwa nzuri kidogo: kilima cha uwele kilichosimama chenyewe, zabibu zimepangwa pembeni, karanga chini. Namba nne ilianguka. Namba tano na sita sizitaji.

8 Machi

Nimemwonyesha Mama picha kwenye simu. Kaitazama. "Amekufa nani, mbona kalazwa peke yake?" Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku kumi na tisa. Nimekasirika hadi nimeosha sufuria ambazo hazikuwa chafu. Mama ana roho ngumu. Anataka kila kitu chetu kibaki kwenye beseni, tuone haya wageni wakija, tufunike na kitambaa. Mimi sioni haya.

12 Machi

Ramadhani imeanza. Jikoni sote sasa tumefunga, wao kwa kwao na mimi kwa kwangu. Tunapika kwa pua. Mbaye kaweka chumvi mara mbili kwenye supu, wa pembeni yake naye akaongeza, maana hakuna anayeonja. Supu imerudi.

Ijumaa, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Leo ilikuwa siku ya majaribio. Walikuja wenye hoteli wenyewe, wawili tu, baada ya futari: Bi Rokhaya Sy, mama mkavu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na mshirika wake Bwana Mendy. Tangu walipoketi walikuwa wanabishana juu ya mkataba wao, huyu akiinua kidole, yule akiinua nyusi.

Shefu alikubali kilima changu, akaongeza povu lake juu, akaagiza sahani zipangwe saa kumi jioni ili ziwe safi. Nami nikapanga. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na naliandika hapa kwa mkono wangu. Mtoto yeyote wa Kiserer anajua ngalakh haipangwi saa kumi ikaliwa saa mbili usiku. Nyumbani ndoo inakaa na jagi la ubuyu pembeni, na kila anayepita anaongeza kidogo, anakoroga, anaenda zake. Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu sahani zilikuwa nzuri kutazama. Nilizipiga hata picha.

Bi Sy akachoma kijiko. Kijiko kikasimama wima kama msumari. Akakiachia, tukakitazama sote, hakikuanguka.

"Hii ni ngalakh," akauliza, "au ni msingi wa hoteli?"

Bwana Mendy akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza usiku ule wao kukubaliana jambo. Na Shefu Kane, ambaye ndiye aliyesema saa kumi, akatabasamu akasema, "Mniwie radhi. Msaidizi wangu bado anajifunza."

Miaka tisa! Nimemtengenezea harusi ya dada yake, keki ya orofa tano, iliyosimama kwenye joto la Septemba bila kuinama. Bado najifunza! Nilitaka kumjibu kwa utani, ulimi ukakataa. Utani ni wa watu wanaopendana. Nimeenda stoo, nikakaa juu ya gunia la sukari, nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi kuosha sahani. Ngalakh ilibidi niikwangue kwa kisu.

Jumapili, 17 Machi

Mama kanitazama usoni baada ya misa. "Nani kakupiga?"

Nikamsimulia yote. Nilipofika pale kijiko kiliposimama alijishika mbavu, akatafuta mahali pa kukaa, akacheka hadi machozi. Nilikasirika, kisha nami nikacheka. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu Majivu.

"Uwele una kiu, Filo," akasema akijifuta. "Uuvike hariri, uuvike dhahabu, una kiu. Kwani mimi nikipeleka bakuli kwa Kumba, namwachia mlangoni nikaondoka?"

"Hapana. Unambebea na jagi."

"Na nani humimina?"

"Wewe."

"Mimi! Anayeleta ndiye anayemimina, pale pale mbele ya mwenye kula. Kumba hajawahi kujimiminia ubuyu wa Ijumaa Kuu hata siku moja. Akijimiminia, amejihudumia kama mtu asiye na jirani."

Nimeyasikia maneno hayo utoto mzima, nikayaona ni adabu za wazee. Leo nimeyasikia kama mpishi. Sahani haikuhitaji povu. Ilihitaji jirani.

Sijalala vizuri. Nimechora sahani nyuma ya barua ya parokia.

19 Machi

Nimenunua majagi madogo ya udongo, arobaini, kwa mfinyanzi. Nimeyabeba kichwani.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwonyesha Shefu sahani mpya. Kilima cha uwele uliokandwa kwa karanga na maji ya maua ya mchungwa, zabibu zimezunguka, kungumanga imepita juu kama vumbi. Sahani nyeupe, pana. Ubuyu haupo juu yake. Uko kwenye jagi dogo, na jagi lako liko mbele ya aliyeketi karibu nawe. Yeye akikumiminia, kilima kinashuka polepole kwenye ziwa jeupe. Wewe unammiminia yeye.

Nilimmiminia. Akatazama kilima kikishuka, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtoto wa mtaa wa Medina aliyesubiri bakuli la Wakristo. Nilimwona. Kisha akarudi kuwa Shefu.

"Jagi zuri. Lakini kila mtu ajimiminie mwenyewe. Wageni wangu si watoto wa shule."

"Hapana," nikasema.

"Na kadi nimeshachapisha." Akanipa moja. Imeandikwa: *Kumbukumbu ya Utoto, ubunifu wa Tidiane Kane.* Chini yake, bei. Baada ya hapo, akasema, itaingia kwenye orodha ya hoteli, mwaka mzima.

Niliisoma mara mbili. "Kumbukumbu ya utoto wa nani? Mama yako alikuwa anapika ngalakh?"

"Mama yangu alikuwa anaipokea. Ni yangu pia, Filomene."

Ni kweli, ni yake pia. Ndiyo maana imeniuma zaidi. Nikamwambia aliyepokea bure miaka yote hiyo hawezi kuamka siku moja akaipigia bei. Akasema hii ni kazi, dada, si kanisa. Nikamwambia Ijumaa Kuu ni kanisa. Hatukutaniana hata neno moja.

Jumapili ya Matawi

Mvua hakuna, vumbi jingi. Mama kaniuliza bei ni ngapi. Nikatoka kufagia uani.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Leo Shefu kaniruhusu nitengeneze uwele na ubuyu nyumbani, maana jiko la mgahawa limejaa. Tumekuwa watatu uani: Mama, mimi, Hajati Kumba. Tumepika uwele kwa mvuke mara tatu, tumeukanda, tumechuja ubuyu kwenye kitambaa hadi mikono ikawa myeupe. Beseni mbili kubwa za majirani, ndoo moja ya Almadies. Mama aliisogeza ndoo ya Almadies kwa mguu, mbali na zake.

Sukari tumeiacha mpaka kesho, itiwe kwenye ubuyu ukiwa tayari. Hajati akauliza tena nani ataonja.

"Vidole," akasema Mama. "Chovya, sugua kidole gumba na cha shahada. Vikianza kushikana, acha. Filo, wewe usizidishe. Sukari yako siku zote huzidi."

"Haizidi."

"Huzidi, mwanangu," akasema Hajati. "Mimi ndiye niliyekuwa naonja."

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Saa nane mchana nilitia sukari. Nilichovya, nikasugua, vidole vikashikana, nikaacha. Shefu akaja na kijiko.

"Onja."

"Nimefunga. Onja wewe."

"Nimefunga mimi pia."

Tukatazama jiko zima. Mbaye akaficha mikono mgongoni. Watu kumi na mmoja na hakuna ulimi. "Basi," nikasema, "itaenda kwa imani."

Wageni wakafungua kwa tende na kahawa, Wakristo na Waislamu kwa dakika moja, maana jua la Ijumaa Kuu na la Ramadhani ni moja. Supu ikaenda, samaki wakaenda. Mhudumu akarudi na habari kwamba Bi Sy na Bwana Mendy wanabishana tangu tende, na sasa hawasemezani kabisa, kila mmoja ameipa mgongo nusu ya meza.

Tukatoa sahani. Nilikuwa nimepanga majagi kwa mkono wangu, kila jagi mbele ya jirani. Shefu alipita nyuma yangu akiyarudisha, kila moja kwa mwenyewe. Nikapita nyuma yake nikiyahamisha. Tulizunguka ile meza mara mbili namna hiyo, tukitabasamu, wageni wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mwishoni akaninong'oneza, "Ukigusa jingine, usirudi kesho."

Kesho ni Jumamosi, nikawaza, na mimi Jumamosi Kuu siendi kazini hata hivyo.

Nikasimama kichwani mwa meza na aproni yangu yenye madoa ya ubuyu. Nikasema:

"Habari za jioni. Kadi mliyo nayo ina makosa. Hii haiitwi Kumbukumbu ya Utoto. Inaitwa ngalakh. Nimeitengeneza mimi, Filomene Ngom, binti wa Agathe wa Grand Yoff, na yeye ndiye aliyenifundisha. Mbaye alisema ni chakula cha ndoo. Kitazameni, mniambie kama hakistahili sahani. Mama yangu anasema chakula hiki hakina bei. Yuko sahihi, kwa hiyo bei mliyoiona msiilipe. Na hakuna anayejimiminia. Jagi lako liko kwa jirani yako. Kama humsemeshi, utakula uwele mkavu, na walioula tarehe kumi na tano wanaujua."

Nilisikia friji ya jikoni ikinguruma. Nilifikiri, Filo, umekwisha.

Bi Sy akavaa miwani. Akatazama kilima chake, akatazama jagi lake lililokuwa mbele ya Bwana Mendy, akatazama mgongo wa Bwana Mendy.

"Mendy," akasema. "Geuka. Nina kiu."

Yule bwana akageuka, akachukua jagi, akamimina polepole hadi kilima kikashuka chote. Kisha akaegemea. "Na mimi, Rokhaya?" Naye akamiminiwa. Meza yote ikaanza, mikono ikipishana, watu wakisimama kumfikia jirani, mzee mmoja akimmiminia mke wake na kumwambia, "Sema basi wakati wa kuacha," naye hakusema. Halafu hakuna aliyeongea. Walikuwa wanakula.

Jikoni Shefu alikuwa ameegemea meza ya chuma, sahani moja mbele yake, kavu. Wenye hoteli walikuwa wamekuja kumshika mkono. Wanaitaka.

"Wanaitaka, Filomene. Cheo ni chako. Jina lako litakaa kwenye kadi. Mwaka mzima."

"Ijumaa Kuu tu. Na bila bei."

"Hoteli haiendeshwi hivyo!"

"Nitakupa vitamutamu vingine vya mwaka mzima. Chakri ya maziwa mgando, maandazi, nitakufanyia hata uji usimame kwenye sahani. Hiki hapana."

"Basi cheo sikupi."

"Usinipe."

Akasogeza sahani yake. Sauti ikashuka. "Nimiminie."

Jagi nilikuwa nalo mkononi. Miaka tisa, na sijawahi kumnyima mtu chakula. Nikavua aproni, nikaikunja, nikaondoka na jagi limejaa. Nilitembea hadi barabara kuu ubuyu ukinimwagikia vidoleni.

Pasaka, 31 Machi

Amefufuka. Mama kavaa kitambaa cha bluu. Nimemweleza kila kitu. Akaniwekea kipande kikubwa cha kuku.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Nimeamka sina kazi. Nimefagia uwanja mara mbili. Nilikuwa najiambia sijuti, na ni kweli sijuti, lakini kila mara nilikuwa nawaza nani leo anatengeneza karameli.

Jua likikaribia kuzama lango likagongwa. Shefu Kane, amevaa kanzu nyeupe, amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa kwa mikono miwili. Hajati Kumba alikuwa ameketi nasi na tende zake akingoja adhana. Shefu akasalimia wazee, akauliza habari za nyumba, za watoto, za Pasaka, yote kwa utaratibu. Mimi alinisalimia mwisho.

"Mtumwa wako nimekuja," akasema.

Akaketi kwenye kigoda, akafunua. Ilikuwa ile sahani ya Ijumaa. Kilima kilikuwa kimepasuka kama tope la kiangazi.

Mama akaiangalia kwa mshangao. "Nani kakupa kitu kikavu namna hii?"

"Binti yako, Mama."

"Filo! Huna aibu?"

Nikafungua mdomo nieleze, lakini Mama alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na ndoo ya ubuyu uliobaki wa majirani na jagi. Adhana ikaadhiniwa. Shefu na Hajati wakala tende, wakanywa maji. Kisha Mama akainama, mgongo wake na yote, akammiminia yule mtu ubuyu, taratibu, hadi uwele ukashiba. Hakumuuliza ni nani. Nilijisikia mdogo, na sioni haya kuandika.

Shefu akala akiwa ameinamisha kichwa. Alipofika nusu akatoa vitu viwili mfukoni, akaviweka mkekani mbele yangu. Kimoja ni ufunguo wa stoo ya vitamutamu. Kingine ni kadi mpya: *Ngalakh. Filomene Ngom, kwa mkono wa Agathe. Ijumaa Kuu tu.* Mahali pa bei hapakuwa na kitu.

"Kesho saa moja," akasema. "Usichelewe, mla wali wa watu."

"Mtumwa haniambii saa," nikamjibu.

Mama aliichukua kadi, akaisoma akiisogeza mbali na macho. Akarudia jina lake kimoyomoyo, niliona midomo. Halafu akaingia ndani, akatoka na sahani nyeupe ya harusi yake, ile isiyotumika, akaniwekea mapajani.

"Nionyeshe hiyo yako."

Uwele wangu wa Ijumaa ulibaki kidogo kwenye friji, pamoja na lile jagi nililotoka nalo kazini. Nikaupanga, nikazungusha zabibu, nikafuta ukingo kwa kidole. Hajati Kumba akalinyakua jagi langu kabla ya mtu kusema, akammiminia Mama. Mama akatazama kilima kikishuka. Akachota, akala, akafumba macho.

"Sukari imezidi," akasema, akachota tena.